Hesabu Hadi Nne

Kemia ya kaboni humfikia mwanafunzi wa Tanzania akiwa kidato cha nne, wakati kichwa kimeshajaa. Mtihani wa moku uko mlangoni, hesabu za moli bado hazijakaa sawa, na mwalimu ana mada nyingi kuliko wiki zilizobaki. Ndipo linapoandikwa ubaoni jedwali la majina kumi: methani, ethani, propani, butani, na kuendelea hadi dekani. Darasa linaimba. Anayeimba bila kukosea anahesabiwa kuwa ameelewa.

Nimeifundisha mada hii kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kabla ya hapo niliisoma kwenye shule ya bweni ya wasichana miaka ya 1980. Tuliyakrem majina yale usiku wa prepu, tukayarudia kwenye foleni ya uji. Mwalimu wetu alikuwa mtu mpole aliyebebeshwa kemia, baiolojia na zamu ya mabweni juu yake. Mada nzima aliimaliza kwa chaki, bila hata chupa moja mezani. Tulifaulu. Ila kama mtu angetusimamisha nje ya chumba cha mtihani na kutuuliza dekani ni kitu gani, inapatikana wapi na inafanana na nini, darasa zima lingebaki kutazamana.

Kwangu jambo hili lina uchungu wake, maana nilizaliwa katikati ya kemia ileile. Baba alikuwa mgema upande wa Pangani. Alfajiri alipanda minazi na kotama kiunoni, akashusha tembo lililodondoka usiku kucha vibuyuni. Asubuhi lilikuwa tamu, na sisi watoto tuliruhusiwa kulionja. Jioni lilikuwa na povu na ukali, na hapo lilikuwa la wakubwa. Lililobaki bila mnywaji liliwekwa kwenye mtungi pembeni ya jiko, na likishachacha vya kutosha bibi alilichota kuwa siki ya kachumbari. Miaka yote minne ya sekondari hakuna aliyeniambia kwamba asubuhi, jioni na ule mtungi wa pembeni ni kurasa tatu za kitabu cha kidato cha nne.

Ni kurasa tatu kweli. Utomvu wa mnazi una sukari. Hamira za porini, ambazo ziko hewani, kwenye maua na ndani ya kibuyu cha jana, huivunja sukari hiyo. Molekuli moja ya glukosi yenye kaboni sita hutoa molekuli mbili za ethanoli, kila moja na kaboni mbili, pamoja na molekuli mbili za kaboni dayoksaidi. Kaboni nne zimeingia kwenye pombe, mbili zimeruka na gesi, na gesi hiyo ndiyo povu. Kisha wanakuja bakteria wanaohitaji hewa. Hawa huinyang'anya ethanoli haidrojeni mbili na kuipa oksijeni moja, ikawa asidi ya ethanoiki, ambayo ndiyo ukali wa siki. Baba hakujua hata herufi moja ya fomula hizi. Alijua tu kwamba akitaka tembo lisichache upesi, aujaze mtungi mpaka mdomoni na kuuziba kwa jani la mgomba. Alikuwa akiwanyima bakteria oksijeni.

Hata methali ya mgema anayesifiwa akatia maji ina kemia yake. Ethanoli na maji huchanganyika kwa kiwango chochote, kwa kuwa ethanoli ina ncha ya OH, oksijeni na haidrojeni, inayovutana na molekuli za maji. Mnywaji hawezi kuona mpaka wowote ndani ya kata. Mgema huyo angekuwa muuza mafuta ya taa, angeumbuka palepale.

Aliyenifungua macho hakuwa profesa. Chuo cha ualimu nilikosomea kilikuwa na mtunza maabara, mzee aliyeishia darasa la nane enzi za mkoloni na ambaye hakuwa na haki ya kufundisha chochote. Walimu wanafunzi waliingia, wakasema "Shikamoo Mzee," wakachukua chupa zao wakatoka. Mimi nilikawia, kwa sababu alikuwa na hadithi. Alichukia kuona mtu akitia pua kwenye mdomo wa chupa. "Punga kwa kiganja, binti yangu, harufu ije kwako," alikuwa akisema. "Kuna chupa humu ukizifuata wewe, hurudi."

Siku moja alinipa donge la udongo wa mfinyanzi na fungu la chelewa, akaniambia nitengeneze butani. Nikavingirisha vidonge vinne vikubwa vya kaboni, vidogo kumi vya haidrojeni, nikavichomeka kwa chelewa katika mstari mmoja ulionyooka, sawasawa na kitabu. Akaitazama kazi yangu kwa heshima. Kisha akachomoa kidonge cha mwisho, akakichomeka katikati ya mstari, akahamisha haidrojeni moja kujaza pengo. Kaboni nne, haidrojeni kumi. "Na hii je? Jina lake nani?"

Kisha akanipa kanuni yake, na kusema kweli sijakutana na nyingine bora: kabla hujatamka neno, hesabu vifungo hadi nne. Kaboni ina elektroni sita, nne zikiwa kwenye obiti ya nje, na hupenda kufunga vifungo vinne, visizidi wala kupungua. Naitrojeni hufunga vitatu, oksijeni viwili, haidrojeni kimoja. Mwenye namba hizo nne anaweza kuchora sehemu kubwa ya silabasi bila kufungua kitabu, na anaweza kuikamata fomula ya uongo mtu yeyote akiiandika ubaoni, hata mwalimu.

Udongo na chelewa nimetembea navyo shule zote nilizopangiwa. Hakuna mwaka ambao darasa halikugombana. Kaboni tano na haidrojeni kumi na mbili, vikundi vinane, na kila kikundi kinaapa kwamba maumbo ni manne, matano, sita. Tunayaweka mezani, tunayageuzageuza, na mengine yanagundulika kuwa ni umbo lilelile limelala ubavu. Mwisho yanabaki matatu. Kaboni sita hutoa matano. Kaboni kumi, dekani ile tuliyoiimba kwa jina moja, ina maumbo 75. Ukifika kaboni ishirini yanakuwa 366,319. Nikishaandika namba hiyo ubaoni, mara nyingi yupo mwanafunzi anayeuliza mwenyewe: "Sasa Madam, watu wanayatofautishaje?" Hapo ndipo ninapofundisha utaratibu wa majina. Wanakemia wa Ulaya walikutana Geneva mwaka 1892 kwa sababu ya fujo hiyohiyo, kila mtu akiita kitu kimoja kwa jina lake. Mwanafunzi aliyekwisha kuiona fujo kwa macho hulipokea jina refu kwa shukrani. Aliyepewa jina kwanza hulibeba mpaka Novemba akalitua mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Umbo si pambo. Pentani iliyonyooka huchemka kwenye nyuzijoto 36. Ndugu yake mwenye kaboni moja katikati na nne pembeni huchemka kwenye 9.5. Fomula ni moja, uzito ni mmoja. Mchana wa Februari, Dar es Salaam ikiwa na nyuzijoto 32, ya kwanza ni kimiminika ndani ya chupa na ya pili ni gesi. Molekuli ndefu hulala ubavu kwa ubavu kama chelewa kwenye fagio, zinagusana mwili mzima, na kuzitenganisha kunataka joto zaidi. Zile za mviringo zinagusana kidogo tu na kuachana upesi. Nimewahi kuona mkaguzi akiandika daftarini kwamba jambo hili "liko nje ya kiwango". Mtoto wa miaka kumi na saba anayeweza kulishika kwa mkono hajatoka nje ya kiwango chochote.

Katika kipindi hicho hicho nilizoea kuleta mfuko mtupu wa mbolea ya urea kutoka kwa jirani. Kuna imani ya zamani inayorudi kila mwaka kwa sura mpya, kwamba vitu vya mwilini na vya mimea vina namna yake, na vya viwandani vina yake, na havikutani. Berzelius, mwanakemia mkubwa wa Uswidi, aliamini kitu cha jinsi hiyo: kwamba misombo ya viumbe hai huhitaji nguvu ya uhai ili kutengenezeka. Mwaka 1828 mwanafunzi wake wa zamani, Mjerumani Friedrich Wöhler, alipasha moto chumvi ya ammoniamu sayaneti akapata urea, kitu kilichojulikana kuwa cha mkojo. Hakukuwa na figo katika kazi hiyo. Nguvu ya uhai haikuanguka siku hiyo moja, watu wazito waliitetea kwa miaka, lakini ilikuwa imepata ufa.

Fomula ya urea ni CO(NH₂)₂. Darasa linajumlisha: kaboni 12, oksijeni 16, naitrojeni mbili 28, haidrojeni nne 4, jumla 60. Ishirini na nane kwa sitini ni asilimia 46.7. Kisha naugeuza mfuko. Umeandikwa 46-0-0. Nimeona watoto wa wakulima, ambao tangu udogo wanaitupia mahindi mbolea hiyo, wakiusogelea mfuko ule kwa mshangao nisioupata kwenye somo lingine lolote.

Nilifundisha Kilwa wakati bomba la gesi linajengwa. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa chini miaka thelathini, ikaanza kusafirishwa hadi mitambo ya umeme ya Ubungo mwaka 2004. Darasani nilikuwa na vijana waliotoka kisiwani kwenyewe. Walijua jina la kila chombo kilichopita na mshahara wa kila kibarua, lakini hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba karibu yote iliyomo ndani ya bomba ni methani: kaboni moja, haidrojeni nne, umbo dogo kuliko yote waliyofinyanga. Kijana mmoja aliniuliza swali ambalo ningependa kila mtunga mitihani alisikie: "Madam, kama ni gesi, kwa nini ya mtungi wa kupikia ikitikiswa inacheza maji?"

Jibu liko kwenye jedwali tulilokuwa tukiliimba. Methani huchemka kwenye nyuzijoto 162 chini ya sifuri. Huwezi kuifanya maji kwa kuigandamiza tu kwenye joto letu, ndiyo maana inapita bombani ikiwa gesi. Propani huchemka kwenye 42 chini ya sifuri na butani karibu na sifuri kabisa. Hizo mbili ukizigandamiza kidogo zinakuwa kimiminika, na ndizo zilizomo kwenye mtungi. Kila kaboni inayoongezwa inapandisha nyuzi za kuchemkia. Wale waliokariri jedwali walikuwa na jibu mfukoni bila kujua kwamba ni jibu.

Kutoka hapo tulihamia kwenye jambo ambalo linaweza kuokoa nyumba. Chukulia uzito wa molekuli ya hewa kwa wastani kuwa 29. Methani ni 16, hupaa. Propani ni 44 na butani 58, hushuka. Mtungi wa jikoni ukivuja, gesi hutambaa sakafuni, ikajaa chini ya meza na nyuma ya mlango. Yenyewe haina harufu. Ule uvundo unaotukimbiza ni wa msombo wenye salfa uliotiwa makusudi kiwandani ili pua ya mama ipate habari mapema. Basi unafungua milango, unafunga koki ya mtungi, unatoka, na swichi ya taa huigusi, hata ya kuzima. Wasichana wa darasa lile waliyachukua maelezo haya nyumbani jioni ileile. Najua, kwa sababu mzazi mmoja alikuja shuleni kuuliza kama ni kweli.

Sasa nije kwenye somo ninalolipa muda mrefu kuliko silabasi inavyoniruhusu. Kwa kawaida mwanafunzi hutakiwa kutaja alkoholi mbili za mwanzo na fomula zake. Methanoli: kaboni moja na OH. Ethanoli: kaboni mbili na OH. Mstari mmoja ubaoni, tunasonga mbele. Mimi sisongi.

Mwezi wa Novemba mwaka 2000 watu zaidi ya mia moja walikufa Nairobi kwa pombe haramu iliyokuwa na methanoli, na wengine wakapofuka. Mwaka 2014 Kenya ikazika tena makumi ya watu kwa sababu hiyohiyo. Mara nyingi chanzo cha maafa ya jinsi hii ni mtu aliyenunua spiriti ya kiwandani na kuimimina kwenye pombe ili iwe kali na ipungue gharama. Mnywaji hana namna ya kujua. Methanoli haina rangi, kama ilivyo ethanoli; harufu zao hazipishani kiasi cha kumshtua mtu mwenye kiu; na zote mbili hulewesha. Zimepishana kaboni moja na haidrojeni mbili.

Tofauti hiyo inafanya kazi yake ini likishaanza kushughulika. Kimeng'enya kilekile huzipokea zote mbili na kuzifanyia jambo lilelile, kuziondolea haidrojeni. Ethanoli inakuwa ethanali, kisha asidi ya ethanoiki, siki ya bibi, ambayo mwili unajua kuitumia. Methanoli inakuwa methanali, ambayo ndiyo iliyomo kwenye formalini ya kuhifadhia maiti, kisha asidi ya methanoiki, na hii hujikusanya, huishambulia neva ya jicho na kuifanya damu iwe na asidi. Mililita 10 zinaweza kumpofusha mtu. Ubaya wa pili ni kwamba dalili hazitokei papo hapo. Mtu hulala vizuri, akaamka saa nyingi baadaye akiona ukungu. Hospitalini madaktari wanaweza kumpa mgonjwa ethanoli safi kwa kipimo, au dawa ya kukizuia kimeng'enya, ili methanoli isipate nafasi ya kubadilishwa na itoke ikiwa methanoli. Hiyo ni kazi ya hospitali. Anayejaribu kumtibu mwenzake kwa kumwongezea chupa kilabuni anazidisha msiba.

Somo hilo nilikuwa nikilifundisha kwa Kiswahili kitupu. Juu ya mlango kulikuwa na kibao cha kuamuru Kiingereza tu, na mlango niliufunga. Maelezo ya mtihani tuliyaandika baadaye kwa lugha ya mtihani. Kuna mkuu wa shule aliyewahi kuniita ofisini kwa ajili ya hilo. Nikamwuliza angependa mwanawe aisikie habari ya methanoli kwa lugha gani. Alinywa chai yake.

Baadaye nilihamishiwa Lushoto, na chupa ya mafuta ya nazi niliyotoka nayo pwani ikaganda mwezi wa Julai ikawa nyeupe tititi. Nilienda nayo darasani bila kuifungua. Pembeni yake niliweka chupa ya mafuta ya alizeti kutoka Singida, iliyolala chumba kimoja na ile na kubaki maji. Nikaandika swali moja: kwa nini? Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 au 25 hivi, kwa hiyo Pangani ni maji na Lushoto ni jiwe. Minyororo yake ya kaboni karibu yote imeshiba haidrojeni. Kila kifungo kati ya kaboni na kaboni ni kimoja, minyororo imenyooka na inapangana vizuri. Mnyororo ulio mwingi kwenye alizeti una vifungo maradufu viwili, na kila kifungo maradufu huukunja. Minyororo iliyokunjika haipangani, haigandi upesi. Darasa lile lilikuwa limefundishwa alkeni wiki iliyotangulia na likadhani ni habari ya etheni kwenye mrija wa maabara. Chupa mbili zilitosha kuwaonyesha kwamba kifungo maradufu kiko kwenye sufuria ya maandazi.

Kuhusu etheni yenyewe, niseme neno kwa walimu wanaopenda kuleta ndizi. Ni kweli ndizi mbivu hutoa etheni, na ni kweli bibi zetu waliovundika ndizi shimoni au kuzifukiza moshi walikuwa wakiitumia, kwa kuwa moshi wa majani nao una etheni. Lakini ni chembe ndogo sana. Usitegemee mkungu wa ndizi uondoe rangi ya pamanganeti mbele ya darasa. Utasimama hapo mpaka kengele. Tengeneza etheni kwa ethanoli na asidi kali ya salfyuriki kama kitabu kinavyoagiza, na ndizi ziwe za kula.

Sabuni ndiyo kazi ya mikono inayopendwa kuliko zote, na ndiyo inayoweza kuumiza. Mafuta ukiyachemsha na kostiki soda unapata sabuni na gliseroli. Asidi iliyo nyingi kwenye mafuta ya nazi, karibu nusu yake, ina kaboni kumi na mbili; iliyo nyingi kwenye mawese ya Kigoma ina kumi na sita. Kaboni hizo nne zinaonekana bafuni. Mnyororo mfupi huyeyuka kwa urahisi zaidi, kwa hiyo sabuni ya nazi hutoa povu hata kwenye maji ya chumvi, wakati sabuni ya mnyororo mrefu inagoma. Kilwa, ambako visima vingi vina chumvi, wanawake walikuwa wanajua ni mche upi wa kununua. Sababu walikuja kuipata kwa watoto wao.

Nimesikia watu wakisema kwamba njia hii inakula muda na mtihani hausubiri. Mtihani nimeusahihisha na ninajua unachouliza. Unauliza fomula, unauliza maumbo, unauliza kipi kitatokea ukiongeza hiki kwenye kile. Mwanafunzi mwenye udongo vidoleni hujibu hayo kwa kuchora na kuhesabu. Mwenye wimbo hujibu vizuri mpaka swali ligeuzwe kidogo, na watunga mitihani siku hizi wanapenda sana kugeuza. Muda unaopotea uko kwingine: kwenye kuandika notisi za kurasa nyingi ubaoni, mambo ambayo yako kitabuni, na kwenye kusubiri vifaa kutoka wilayani ambavyo mada hii haivihitaji. Kama ni juu yangu, ningeipeleka kidato cha tatu, mara tu baada ya vifungo vya kemia, wakati kichwa cha mtoto bado kina nafasi.

Si juu yangu, nimestaafu. Mwalimu mwenzangu utakayefika kwenye mada hii mwakani, usiisubirie moku ipite. Chelewa ziko kwenye fagio la darasa, udongo uko mtoni, mfuko wa urea uko kwa jirani. Siku ya sabuni tumia sufuria ya chuma cha pua au ndoo ya plastiki ngumu, kamwe si ya alumini, maana kostiki soda huila na kutoa haidrojeni. Mimina soda ndani ya maji, usimimine maji juu ya soda. Ishike wewe mwenyewe kwa glavu na miwani, na madirisha yawe wazi.